Kuupima Ubora wa Utomvu wa Mepo: Mwongozo Kamili kwa Mpikaji wa Shira Nyumbani

Shira ya mepo, mti ambao Waingereza huuita maple, ina kiungo kimoja tu, nacho ni utomvu wa mti huo. Haitiwi sukari, haitiwi ndimu, haitiwi iliki. Moto huondoa maji, na kinachobaki sufuriani ni kile kile kilichokuwamo ndani ya utomvu tangu mwanzo, kizuri na kibaya pamoja, kikiwa kimekolezwa mara arubaini au zaidi. Kwa sababu hiyo, mpikaji wa nyumbani hawezi kuirekebisha shira jikoni ikiwa utomvu ulikuwa na kasoro. Kazi ya kuchagua hufanyika kabla ya moto kuwashwa, nayo inahitaji uangalifu mkubwa kuliko upishi wenyewe.

Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya yule anayeishi katika nchi ya mepo, yaani kaskazini mashariki mwa Marekani na mashariki mwa Kanada, ambako wasemaji wa Kiswahili wamefanya makao katika miji mingi ya Vermont, Maine, Ontario na Quebec, na ambaye ana mti mmoja au miti michache uani. Maarifa ya kugema miti hii yalikuwa ya wenyeji wa asili, wakiwamo Waabenaki, Waanishinaabe na Wahaudenosaunee, muda mrefu kabla ya walowezi wa Ulaya kufika. Leo Quebec ndiyo inayotoa sehemu kubwa ya shira ya mepo duniani, na Vermont inaongoza miongoni mwa majimbo ya Marekani.

Ubora wa utomvu ni mambo matatu yaliyo mbalimbali, na makosa mengi hutokana na kuyachukulia kuwa jambo moja. La kwanza ni kiasi cha sukari. La pili ni ubichi, yaani kama utomvu umeanza kuchacha au la. La tatu ni hali ya mti wenyewe siku ulipoutoa utomvu huo, hasa kama machipukizi yameanza kuamka. Kipimo cha sukari hujibu swali la kwanza peke yake: kinakueleza kuni utakazochoma, wala hakikuelezi ladha utakayoipata. Maswali mawili yaliyobaki hujibiwa kwa pua, ulimi, macho, kipimajoto na kalenda.

Kabla ya tone la kwanza

Mti ulio bora kwa kugema ni mepo ya sukari, Acer saccharum kwa jina la kitaalamu, pamoja na ndugu yake wa karibu, mepo nyeusi. Utomvu wake kwa kawaida huwa na sukari ya asilimia 2 hivi, ingawa miti mingine hushuka hadi 1 na mingine hupanda kupita 3. Mepo nyekundu na mepo ya fedha nazo hugemwa, lakini utomvu wake mara nyingi una sukari pungufu na, jambo lililo zito zaidi, machipukizi yake huamka mapema, kwa hiyo utomvu wake mzuri hukatika kabla ya ule wa mepo ya sukari. Wakati wa baridi, miti ikiwa haina majani, tazama ncha za vitawi: vitawi vya mepo huota viwili viwili vikitazamana, chipukizi la mepo ya sukari ni la kahawia na limechongoka, na lile la mepo nyekundu ni jekundu na la mviringo. Ukiwa na aina mbili uani, weka ndoo zake mbali mbali tangu siku ya kwanza, maana mwishoni mwa msimu utahitaji kuzihukumu kila moja kivyake.

Sukari inayotoka mwezi wa Machi ilitengenezwa na majani ya kiangazi kilichopita na kuhifadhiwa ndani ya mti kama wanga. Ndiyo sababu mti uliosimama peke yake penye jua, wenye matawi mapana, kwa kawaida huwa mtamu kuliko mti mwembamba uliobanwa na wenzake msituni, na mti ulioliwa majani na viwavi mwaka jana huweza kutoa utomvu hafifu mwaka huu. Kiasi cha sukari hubadilika kwa siku na kwa msimu, lakini mti unaowazidi wenzake kwa utamu mwaka huu aghalabu utawazidi tena mwaka ujao. Kwa hiyo inafaa kuweka daftari la kila mti. Baada ya misimu michache utajua ni upi unaostahili tundu na ni upi unaokupotezea kuni.

Usigeme mti ambao umewahi kudungwa au kumwagiliwa dawa ya wadudu, jambo linalofanyika kwa miti ya mijini. Mjini Worcester, Massachusetts, mdudu kombamti wa Asia mwenye vipapasio virefu alipogunduliwa mwaka 2008, mepo zilikuwa miongoni mwa miti aliyoishambulia, na dawa zilitumika katika kupambana naye. Kama hujui historia ya mti, waulize wanaousimamia kabla ya kuutoboa.

Tundu lenyewe ni hatua ya kwanza ya kupima ubora, na watu wengi huipita bila kuitazama. Mti uwe na kipenyo kisichopungua sentimita 25 kwenye kimo cha kifua. Toboa kwa ncha safi ya drili yenye upana wa milimita 8 hivi, inayolingana na mrija wako, yaani kibomba kinachotiwa tunduni ili utomvu udondoke ndoani, kwa kina cha sentimita 4 hadi 5, ukielekeza juu kidogo ili utomvu uteremke wenyewe. Kisha shika maranda yaliyotoka na uyaangalie. Yakiwa meupe au ya rangi ya maziwa, umefika kwenye mbao hai. Yakiwa ya kahawia, umeingia kwenye mbao iliyokufa, mara nyingi karibu na kovu la tundu la zamani. Hapo utapata utomvu kidogo, na huenda ukawa wa manjano wenye ladha mbaya. Hamia upande mwingine wa mti, mbali na kovu kwa upande na kwa kimo.

Vyombo

Ndoo, mifuniko na mirija viwe vya plastiki ya chakula au chuma cha pua. Ndoo za kale za bati zinazouzwa kwenye minada hupendeza macho, lakini nyingi ziliunganishwa kwa risasi, na risasi huingia kwenye utomvu. Mimi nasema bila kusita kwamba zibaki kuwa mapambo. Ndoo za plastiki zilizowahi kubeba achari au sabuni nazo ziachwe, kwa kuwa plastiki hushika harufu na kuirudisha ndani ya shira. Osha vyombo kwa maji ya moto na brashi. Ukitumia dawa ya klorini kuua vijidudu, suuza mara kadhaa hadi harufu yake iishe kabisa. Mfuniko si wa hiari: mvua huongeza maji utakayolazimika kuyachemsha, na nondo na majani huleta vijidudu.

Kupima sukari

Kuna vyombo viwili. Refraktomita hutumia tone moja la utomvu juu ya kioo na kusoma namna nuru inavyopinda. Haidromita ni kipande cha kioo kinachoelea ndani ya chombo kirefu kilichojaa utomvu. Vyote husoma kwa nyuzi za Brix, na nyuzi 1 ni sawa na gramu 1 ya sukari katika gramu 100 za utomvu. Kwa utomvu mbichi mimi naona haidromita ya utomvu, yenye mizani inayoanzia sifuri na kuishia karibu na 10, ni bora kuliko refraktomita ya bei rahisi ambayo mizani yake inafika 32 au 80, kwa sababu alama za haidromita hiyo zimeachana, na jicho linaweza kusoma sehemu ya kumi ya nyuzi bila kubahatisha.

Usahihi huo una maana, kwa sababu ya hesabu ambayo wapikaji huiita kanuni ya 86: gawanya 86 kwa nyuzi za Brix, na jibu ni lita za utomvu zinazohitajika kutoa lita 1 ya shira. Utomvu wa nyuzi 2 unahitaji lita 43. Wa nyuzi 3 unahitaji lita 29 tu. Wa nyuzi 1.5 unahitaji 57, na wa nyuzi 1 unadai lita 86 kamili. Utaona kwamba huku chini, kosa la sehemu tatu za kumi tu laweza kuongeza au kupunguza lita tisa au zaidi za maji ya kuchemsha.

Fuata utaratibu huu kila unapopima. Kwanza, hakikisha chombo kinasoma sifuri kwa maji yaliyosafishwa kwa mvuke. Pili, zingatia joto: haidromita nyingi za utomvu zimetengenezwa zisome sawasawa utomvu ukiwa baridi, karibu nyuzi 3 za Selsiasi, na refraktomita nzuri hujirekebisha yenyewe, ila nayo ipewe muda ifikie joto la mahali ilipo. Tatu, chukua sampuli inayodondoka kutoka mrijani, au koroga ndoo vizuri kwanza.

Barafu inadai maelezo zaidi. Utomvu ukiganda usiku, kinachoganda kwanza ni maji, na sukari nyingi hubaki kwenye sehemu iliyo majimaji. Ukipima majimaji hayo asubuhi utasoma nyuzi za juu na kudhani umepata mti wa ajabu. Ukiacha barafu yote iyeyuke, namba itashuka. Wengi huitupa barafu hiyo ili kupunguza kuni, na hilo ni jambo halali ilimradi ujue kwamba kiasi kidogo cha sukari kinakwenda nayo. Ila namba unayoiandika katika daftari la mti iwe ya utomvu ambao haujagawanyika.

Ukipata chini ya nyuzi 1, jiulize kama mvua imeingia kabla ya kuulaumu mti. Utomvu wa nyuzi 1 au 1.2 uliokuwa mbichi hutoa shira nzuri kabisa. Tofauti ni muda na kuni. Sioni sababu ya kuumwaga isipokuwa kuni zako ni chache.

Kupima ubichi

Hapa ndipo penye uzito wote. Utomvu ndani ya mti karibu hauna vijidudu. Hukutana navyo tunduni, mrijani na ndoani, na tangu hapo huanza kubadilika. Aliyekulia pwani anajua tembo la mnazi: likiteremshwa asubuhi ni tamu, na jua likizama ni kali. Utomvu wa mepo hufuata njia hiyo hiyo, ila baridi ya Machi huuchelewesha, na ucheleweshwaji huo ndio unaowadanganya watu wakadhani kwamba utomvu unaweza kusubiri.

Kinachotokea ni hiki. Karibu sukari yote ya utomvu mbichi ni sukrosi. Vijidudu huivunja kuwa glukosi na fruktosi, na sukari hizi mbili hubadilika rangi upesi zinapopikwa pamoja na asidi amino zilizomo ndani ya utomvu, ndipo shira ikawa nyeusi na nzito wa ladha. Uharibifu ukiendelea, asidi hujitokeza na utomvu huwa chachu. Vijidudu vya aina fulani huunganisha sukari kuwa minyororo mirefu, na matokeo yake ni shira yenye utelezi inayovutika nyuzi kutoka kwenye kijiko, isiyofaa kwa lolote. Katika mabadiliko haya yote ya mwanzo, nyuzi za Brix hubaki karibu pale pale zilipokuwa. Ndiyo maana nimesema kwamba namba nzuri si ushahidi wa utomvu mzuri.

Anza kwa macho. Mimina utomvu kwenye glasi ya kioo na uuweke mbele ya karatasi nyeupe yenye maandishi. Utomvu mzuri hauna rangi, na maandishi husomeka bila ukungu. Ukungu mwepesi ni onyo. Utomvu wa namna hiyo upikwe siku hiyo hiyo, nao utatoa shira iliyokolea rangi. Weupe mzito unaoficha maandishi, nyuzi zinazoelea au utelezi ukingoni mwa ndoo ni amri ya kuumwaga. Rangi ya manjano mara nyingi hutoka kwenye tundu lililoingia mbao iliyokufa au lililochafuka, kwa hiyo fuatilia ndoo moja moja hadi uupate mti unaohusika.

Kisha nusa, na unuse utomvu uliopashwa moto kidogo, kwa kuwa baridi huficha harufu. Mzuri hauna harufu, au una harufu hafifu ya mbao mbichi. Kisha onja: utamu wa mbali sana, safi, usiobaki mdomoni. Uchachu wowote, hata mdogo, utazidishwa mara arubaini.

Wenye kupenda vipimo wanaweza kutumia karatasi za kupimia asidi. Utomvu mbichi huwa karibu na 7 katika mizani ya asidi (pH), na ukishuka waziwazi siku hadi siku katika ndoo ile ile, vijidudu vipo kazini. Ila kwa mtu mwenye miti mitatu, pua iliyozoea inatosha.

Kipimajoto, kwa upande wake, hakina mbadala. Weka utomvu chini ya nyuzi 4 za Selsiasi, kwenye jokofu au kwenye pipa lililozungukwa na theluji upande wa nyumba usiopata jua. Kwa joto hilo unaweza kuungoja siku chache, na wiki moja iwe ndiyo mwisho, ingawa shira ya siku ya kwanza haifanani na ya siku ya sita. Mchana ukifika nyuzi 10, pika siku hiyo hiyo. Usimimine utomvu wa leo juu ya ule wa juzi: wa juzi hauponywi na mpya, bali mpya huambukizwa. Kabla ya kukusanya ndoo zote kwenye pipa moja, tazama na kunusa kila moja, kwa sababu ndoo moja iliyochacha yaweza kuharibu kazi ya siku nzima.

Kujaribu kwa sufuria ndogo

Unapokuwa na shaka, usiwashe jiko kubwa. Chukua lita 1 ya utomvu unaoutilia shaka, uweke kwenye sufuria pana na uchemshe jikoni. Lita 1 yenye nyuzi 2 itakuachia mililita 23 hivi za shira, kidogo kuliko vijiko viwili vya mezani, na kiasi hicho kinatosha kutoa hukumu. Nusa mvuke mara unapoanza kuchemka, kisha nusa tena ukiwa umebaki robo. Povu jingi lisilotulia ni dalili ya utomvu uliochacha. Mwisho punguza moto sana, maana shira kidogo huungua kwa dakika moja, na ladha ya kuungua itaficha ile unayoitafuta. Iache ipoe, onja, ngoja kidogo, onja tena. Kasoro nyingi hujitokeza baada ya utamu kupita.

Ladha tatu zikae kumbukumbuni. Uchachu ni wa vijidudu. Ladha ya karatasi ngumu iliyolowa hutoka ndani ya mti wenyewe, nayo yaweza kutokea hata kabla msimu haujaisha, kisha ikapotea baada ya baridi kurudi. Ya tatu ni ladha ya machipukizi, ambayo wengine huisikia kuwa chokoleti duni inayong'ang'ania kooni na wengine kuwa kabichi iliyochemshwa kupita kiasi. Hii ikija, haiondoki tena kwa kuchuja wala kwa kuchanganya, na dawa yake ni kuacha kugema.

Kujua mti umebadilika

Utomvu hutiririka usiku unapoganda na mchana unapopanda nyuzi 4 au 7 juu ya sifuri, kwa sababu kuganda na kuyeyuka huko hujenga shinikizo ndani ya mbao. Vermont, majira hayo kwa kawaida huanguka kati ya mwisho wa Februari na Aprili. Kadiri majira yanavyosonga, sukari hupungua na shira hukolea rangi, na mambo haya peke yake si kasoro.

Hatari huja pale usiku kadhaa unapopita mfululizo bila kuganda na machipukizi yakaanza kuvimba. Mti hapo hubadilisha asidi amino zilizomo ndani ya utomvu, na ladha niliyoieleza huzaliwa, hata kama utomvu ni mwangavu na baridi. Tangu katikati ya Machi, chunguza vitawi kila siku kwa darubini ndogo au kwa kushusha tawi. Mlima unapoonekana kwa mbali umepata wekundu, mepo nyekundu zimeamka, na ndoo zake ziondolewe. Wazee wa kazi hii huko New England husikiliza pia vyura wadogo wa machipuko: wakianza kuimba kwenye madimbwi, utomvu unaofuata ndio wa mwisho. Ichukue sauti hiyo kama amri ya kujaribu kila ndoo kwa sufuria ndogo kabla ya kupika.

Baada ya moto

Pikia nje, kwa kuwa mvuke wa lita arubaini huharibu kuta za nyumba. Chemsha maji matupu siku hiyo na usome kipimajoto. Shira iko tayari inapozidi joto hilo kwa nyuzi 4 za Selsiasi. Sheria ya Vermont inadai nyuzi 66.9 za Brix, na Kanada 66. Chuja ikiwa moto ili kuondoa mchanga wa madini, ambao ni malati ya kalisi na ni kitu cha kawaida, kisha itie kwenye chupa ikiwa na joto la nyuzi 82 za Selsiasi au zaidi.

Rangi ya shira ndiyo hukumu ya mwisho juu ya utomvu, mradi uisome kwa haki. Utaratibu wa madaraja ulioanza kutumika Marekani mwaka 2015 unaanzia dhahabu, ukapita kaharabu na nyeusi, hadi nyeusi sana, na yote manne ni daraja la juu ikiwa hayana ladha mbaya. Wanaoanza hukimbilia shira nyeupe kana kwamba nyeusi ni kushindwa. Mimi naona shira iliyokolea ya mwanzo wa Aprili ndiyo inayofaa zaidi kwa kupikia. Andika kando ya kila chupa tarehe, mti, nyuzi za utomvu, joto la pipa na muda uliosubiri. Iwapo shira ya mwanzo wa Machi imetoka nyeusi, tatizo liko kwenye vyombo au kwenye kusubiri, wala si kwenye mti.

Machipukizi yakifunguka, ng'oa mirija yote siku hiyo hiyo, hata kama bado inadondoka. Ioshe kwa maji ya moto, ianike hadi ikauke kabisa, na uyaache matundu wazi bila kuyaziba kwa kijiti wala nta, kwa sababu mti huyafunga wenyewe.